Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Maktaba: Turudishieni Kurasa Mlizozikata

Kwa: Mkurugenzi wa Maktaba na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini

YAH: KUKATWA KWA KURASA ZA MAJARIDA YA HADITHI NA MPANGO WA KUTUPA NAKALA HALISI

Ndugu Mkurugenzi, Waheshimiwa Wajumbe,

Nawasalimu kwa heshima. Ndani ya mwaka mmoja nimewaandikia faraghani mara tatu kuhusu namna mnavyoyaskani majarida yenu ya hadithi: mnabakiza hadithi na kuziacha kurasa nyingine. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mistari miwili kwamba hadithi zote zimo, hivyo hakuna kilichopotea. Ya tatu ikajibiwa kwamba suala limefungwa na kwamba nakala za karatasi zitaondolewa ghalani zikishamaliza kuskaniwa. Jibu hilo la tatu ndilo lililonifanya nilete jambo hili hadharani, kwa sababu karatasi ikishatupwa hakuna barua itakayoirudisha.

Sijaja kuwatukana. Maktaba yenu ilianza kukusanya majarida ya hadithi ya Marekani wakati maktaba nyingi hazikuyataka hata bure. Wafanyakazi wa chumba chenu cha kusomea wamenivumilia kwa miaka, wakinibebea kasha baada ya kasha. Yote niliyoandika hapa nimejifunza humo mwenu. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Naomba kwanza nieleze kifupi tunazungumzia kitu gani, maana barua hii itasomwa pia na watu ambao hawajawahi kulishika jarida la namna hii.

Mwaka 1896 mchapishaji Frank Munsey aliligeuza jarida lake la The Argosy, lililoanza mwaka 1882 kama gazeti la watoto, likawa la hadithi tupu za watu wazima. Alilichapa kwenye karatasi ya rahisi kuliko zote, ile inayotengenezwa kwa rojo la mbao zilizosagwa. Kurasa 192 kwa senti 10. Mfanyakazi wa kiwandani ambaye asingeweza kununua kitabu aliweza kununua hicho. Wengine wakafuata, na kuanzia mwaka 1915, kampuni ya Street & Smith ilipotoa Detective Story Magazine, kila aina ya hadithi ikaanza kupata jarida lake: upelelezi, wachunga ng'ombe, mapenzi, mabaharia, mizimu, safari za sayari nyingine. Black Mask ilizaliwa mwaka 1920, Weird Tales Machi 1923, Amazing Stories Aprili 1926, Astounding Januari 1930. Karatasi ile ya rojo la mbao ndiyo iliyoyapa majarida haya jina lake kwa Kiingereza, pulp, na ndiyo hiyo inayoyaua sasa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmeng'oa hadithi kutoka kwenye toleo lake.

Niliomba toleo la Black Mask la Juni 1, 1923. Nililetewa faili lenye hadithi moja tu, ile ya Carroll John Daly ambamo mpelelezi Race Williams anaonekana kwa mara ya kwanza. Ni hadithi muhimu, sikatai. Wanaosoma historia ya mpelelezi mgumu wa mtaani, anayezungumza kwa mkato na kufyatua bastola kwanza, huanzia hapo au karibu na hapo. Na ndani yake Race Williams anapambana na Ku Klux Klan, kundi la siri la Wamarekani weupe wabaguzi.

Lakini faili lenu halionyeshi kwamba toleo lile zima lilikuwa toleo maalumu la Ku Klux Klan. Jarida lilitenga toleo kwa ajili ya kundi lile, likasema kwamba halina upande, likaweka hadithi za mitazamo tofauti, kisha likafungua uwanja wa barua ambako wasomaji waliendelea kubishana katika matoleo yaliyofuata, wengine wakililaani kundi, wengine wakilitetea. Hadithi ya Daly ilikuwa sauti moja ndani ya kelele ile. Ukiisoma peke yake unadhani unasoma hadithi ya mpelelezi jasiri dhidi ya wahalifu waliojifunika nyuso. Ukiisoma ndani ya toleo lake unaiona nchi nzima ikigombana, na mhariri akihesabu nakala zitakazouzwa kutokana na ugomvi huo.

Hiyo ni historia mbili tofauti. Mmeweka moja na kuondoa nyingine, kisha mkaniambia hakuna kilichopotea.

2. Mmekata kurasa za barua.

Hili ndilo ambalo sikuweza kulala nilipoligundua, na naomba mnivumilie nikilirefusha.

Hugo Gernsback alipoanzisha Amazing Stories, jarida la hadithi za kisayansi, alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Kilichotokea hakikupangwa na mtu. Kijana wa mji mmoja alisoma barua ya kijana wa mji mwingine, akamwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mhariri. Kutoka katika barua hizo zikatokea klabu, kutoka katika klabu yakatokea majarida madogo yaliyopigwa chapa nyumbani na wasomaji wenyewe, na mwaka 1939 wakakutana New York katika mkutano wao wa kwanza wa dunia. Jamii nzima ya wapenzi wa hadithi za kisayansi, ambayo leo inajaza kumbi kubwa, ilizaliwa nyuma ya jarida, kwa herufi ndogo, kwenye kurasa ambazo mafundi wenu wa kuskani wameziruka kwa sababu si hadithi.

Isaac Asimov, mwandishi mashuhuri wa hadithi za kisayansi, alichapishwa jaridani kama mwandishi wa barua kabla hajachapishwa kama mwandishi wa hadithi. Hadithi yake ya kwanza ilitoka Amazing Stories ya Machi 1939. Barua zake, za kijana anayesifu hii na kuiponda ile, zilianza kuonekana Astounding miaka kadhaa kabla ya hapo. Anayetaka kujua mwandishi yule alijifunzaje kazi yake lazima azisome. Katika mafaili yenu hayumo kabla ya mwaka 1939, kana kwamba aliibuka ardhini kama uyoga.

Adventure, lililoanza mwaka 1910, lilikuwa na uwanja wake wa mazungumzo ulioitwa The Camp-Fire. Humo waandishi walijieleza, na wasomaji waliowahi kuwa mabaharia, askari au wachimba madini waliwasahihisha waandishi pale walipokosea jambo la meli, la bunduki au la nchi ya mbali. Mwandishi alihojiwa na msomaji anayelijua jambo kuliko yeye, naye alipaswa kujibu mbele ya wote. Mimi sijaona mahali pengine katika vitabu vya wakati ule ambapo fundi wa kawaida alimkosoa mwandishi na ukosoaji wake ukachapwa. Mmeukata.

3. Mmekata matangazo.

Najua tangazo la mazoezi ya kutunisha misuli ya Charles Atlas halionekani kama urithi wa fasihi. Wala kozi ya kutengeneza redio inayofundishwa kwa njia ya posta, wala dawa ya kikohozi. Lakini nani alisoma majarida haya? Hakuna aliyemhesabu kila mnunuzi pale kibandani. Ushahidi mmojawapo mkubwa tulio nao ni matangazo, kwa sababu mfanyabiashara halipii ukurasa bila kujua anaongea na nani. Matangazo ya kozi za ufundi yanatuambia kwamba msomaji alikuwa na kazi ya mikono na alitaka iliyo bora zaidi. Yalinganisheni matangazo ya jarida la mapenzi na ya jarida la wachunga ng'ombe ya mwezi huohuo, mtaona hadhira mbili zimesimama mbele yenu. Nilianza kazi hiyo ya kulinganisha nikiwa humo chumbani mwenu. Siwezi kuimaliza kwa mafaili mliyonipa.

4. Majalada ama hayapo, ama yamo bila rangi.

Jarida liliuzwa kwa jalada. Kibandani yalipangwa kwa makumi, na mnunuzi alikuwa na sekunde chache za kuamua. Wahariri walijua hivyo kiasi kwamba mara nyingine picha ya jalada ilinunuliwa kwanza, kisha mwandishi akapewa kazi ya kutunga hadithi inayolingana nayo. Anayesoma hadithi ya namna hiyo bila kuiona picha anasoma jibu bila swali. Margaret Brundage, aliyechora majalada mengi ya Weird Tales katika miaka ya 1930, alifanya kazi kwa chaki za rangi laini, na alisaini M. Brundage, hata wasomaji wengi hawakujua kwamba mchoraji wao ni mwanamke mpaka walipoambiwa. Mmeniletea jalada lake kutoka kwenye maikrofilamu ya zamani, jeusi na jeupe, uso wa mtu hauonekani. Chaki za rangi bila rangi ni nini?

Hapo pana jambo jingine. Muuza magazeti aliyebakiwa na nakala aliweza kung'oa jalada na kulirudisha peke yake ili arejeshewe pesa zake, na kilichobaki kikatupwa. Majalada yamekuwa yakitenganishwa na majarida haya tangu mwanzo. Sikutegemea maktaba iendeleze kazi hiyo.

5. Katalogi inataja watu ambao hawajawahi kuishi.

Hili naligusa tu. Maxwell Grant, anayetajwa katalogini kama mwandishi wa jarida la The Shadow, ni jina la bandia la kampuni. Aliyeandika riwaya 282 kati ya 325 za jarida hilo ni Walter B. Gibson. Kenneth Robeson wa jarida la Doc Savage kwa sehemu kubwa ni Lester Dent. Mwandishi C. L. Moore alikuwa Catherine Moore, karani wa benki mjini Indianapolis, aliyeficha jina lake ili waajiri wake wasijue kwamba ana kipato kingine. Na "Norman Bean" aliyeandika hadithi ya sayari ya Mars katika The All-Story mwaka 1912 ni Edgar Rice Burroughs. Yeye alichagua "Normal Bean", kumaanisha mtu mwenye akili timamu, mtu wa chapa akadhani ni kosa akalirekebisha. Haya yote yanajulikana. Kuyaingiza katalogini ni kazi ya kukaa chini na kuandika.

Sasa niyajibu yale ambayo nimeshaambiwa, na mengine ambayo najua nitaambiwa.

Mtasema karatasi zinavunjika mkononi. Ni kweli. Mbao iliyosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili ya mti, huwa njano na kukauka ikipata mwanga na joto, na asidi iliyomo huikata karatasi taratibu kutoka ndani. Lakini hiyo ni sababu ya kuzihifadhi, siyo ya kuzitupa. Kasha lisilo na asidi, giza, ubaridi usiopandapanda, na dawa ya kupunguza asidi pale inapofaa, ni mambo ambayo wahifadhi wenu wanayajua kuliko mimi. Kinachoyavunja majarida haya haraka zaidi ni kuyalaza chali chini ya kioo cha skana. Yamebanwa kwa pini za pembeni, hayakutengenezwa yafunguke yakalala. Yaskanini kwa kamera ya juu, jarida likiwa limefunguliwa nusu kwenye kitanda chenye umbo la V. Vifaa hivyo mnavyo. Nimeviona vikitumika kwa vitabu vya kale.

Mtasema hakimiliki. Hapa naomba tuwe wakweli. Sheria ya Marekani haihesabu ulinzi wa kazi kongwe kupita miaka 95 tangu ichapishwe, kwa hiyo Black Mask ya mwaka 1923 na Amazing Stories ya mwaka 1926 hazina mlinzi tena huko. Kwa matoleo ya baadaye, kazi zilizochapishwa kabla ya mwaka 1964 zilipaswa kuhuishwa baada ya miaka 28, na wachapishaji wengi wa majarida haya hawakuhuisha, wengine kwa sababu walishafunga milango. Ni kazi ya kuangalia toleo kwa toleo. Isitoshe, hakuna sheria ya hakimiliki inayowaagiza mkate ukurasa wa barua na mbaki na hadithi. Kama sheria ndiyo iliyowabana, hadithi ndiyo ingekuwa ya kwanza kuzuiwa.

Mtasema humo mna mambo ya aibu. Mna mengi. Mwaka 1935 lilitolewa jarida zima, The Mysterious Wu Fang, lililojengwa juu ya hofu ya Mchina mwovu. Jungle Stories, lililodumu kuanzia mwaka 1938 hadi 1954, lilimweka mzungu aitwaye Ki-Gor kuwa mfalme wa msitu wa Afrika, likaijaza Afrika hiyo watu wasio na akili wala majina. Burroughs aliyemtunga Tarzan mwaka 1912 hakuwahi kukanyaga bara hili. Mimi ni Mwafrika. Nimezisoma hadithi hizo humo chumbani mwenu, nimeona tulivyochorwa, na nimetoka nje mara moja kupunga hewa kabla sijaweza kuendelea. Hata hivyo nawaomba: msizifiche. Picha hizo zilisambazwa kwa nakala nyingi, kwa bei ya kila mtu, kwa miaka mingi, na wapo waliotuona kwa macho hayo baadaye bila kujua waliyatoa wapi. Nikitaka kuonyesha zilianzia wapi nahitaji jalada, nahitaji tangazo lililo jirani, nahitaji barua ya msomaji aliyefurahia na ya yule aliyekereka. Mkizikata kwa nia njema mnanipokonya ushahidi wangu.

Mtasema haya si fasihi. Sitabishana sana. The Maltese Falcon, riwaya mashuhuri ya upelelezi ya Dashiell Hammett, ilitoka kwanza Black Mask kwa sehemu tano, Septemba 1929 hadi Januari 1930, na maneno ya jaridani hayafanani kila mahali na ya kitabuni. Raymond Chandler, mwandishi mwingine mashuhuri wa upelelezi, aliuza hadithi yake ya kwanza huko Desemba 1933, maneno elfu 18 kwa dola 180, yaani senti moja kwa neno, baada ya kuihangaikia miezi mitano. Lakini hata kama wawili hao wasingekuwapo ningewaandikia vilevile. Love Story Magazine, jarida la hadithi za mapenzi, lilitoka kila wiki, na Daisy Bacon alilihariri tangu mwaka 1928 hadi 1947. Waandishi wake wengi wamesahaulika kabisa. Wanawake waliolinunua kila wiki kwa miaka ishirini hawakuwa wapumbavu, na kile kilichowafanya warudi kibandani kinastahili kuchunguzwa kwa heshima ileile mnayoipa diwani ya mashairi.

Na mtasema zipo nakala kwingineko. Chache kuliko mnavyodhani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi kuukuu zisagwe upya, na majarida ya hadithi yalikuwa ya kwanza kutolewa. Vita hivyohivyo vilileta uhaba wa karatasi uliofanya majarida mengine yafe na mengine yapunguzwe ukubwa. Mwaka 1949 Street & Smith walifunga karibu majarida yao yote ya hadithi kwa mkupuo, wakibakiza Astounding, na Weird Tales ikafungwa mwaka 1954. Vitabu vya jalada laini, vichekesho vya picha na televisheni vilishawachukua wasomaji. Kwa baadhi ya matoleo ya nyuma ya hapo, zinajulikana nakala zinazohesabika kwa vidole. Nyinyi mnazo kadhaa za namna hiyo. Niliziorodhesha katika barua yangu ya pili.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo:

(a) Uondoaji wa nakala za karatasi usimamishwe mara moja, hata zile ambazo tayari zimewekwa alama.

(b) Kila toleo liskaniwe lote kwa rangi, kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, kurasa zikifuatana kama zilivyochapwa. Kama fedha hazitoshi kwa yote, anzeni na yale ambayo nakala zake ni adimu, kisha yaliyo zaidi ya miaka 95 ambayo mnaweza kuyaweka wazi kwa kila mtu.

(c) Wakati kazi hiyo ikiendelea, kila faili lililokatwa liandikwe wazi kwamba limekatwa, na kurasa gani hazimo. Mtafiti anayelisoma leo hana namna ya kujua.

(d) Katalogi iongezewe majina halisi ya waandishi na wachoraji pale yanapojulikana, bila kufuta majina ya bandia. Niko tayari kufanya kazi hii bila malipo. Nina daftari langu lenye majina niliyokwisha kuyahakiki, nililieleza katika barua ya kwanza, na bado lipo.

(e) Orodha ya yale yaliyokwisha kuondolewa ghalani itangazwe. Kama kuna yaliyouzwa au kugawiwa, itajwe yalikwenda wapi, ili tuweze kuyafuata.

Naomba jibu la maandishi kutoka kwenye Bodi yenyewe ndani ya siku 60. Nikipata jibu nitalichapisha mahali hapahapa nilipochapisha barua hii, lote, bila kukata hata mstari.

Toleo la Juni 1, 1923 lilikuwa kwenye kasha la tatu la Black Mask, rafu ya chini, upande wa kushoto ukiingia ghalani. Jalada lake lilikuwa limeachia kidogo juu lakini kurasa zote zilikuwamo. Tafadhali mtumeni mtu akaangalie kama bado lipo.

Wenu kwa heshima,

Msomaji wenu wa miaka mingi, na mtafiti wa majarida ya hadithi